Donge au kamera? Jua kinachoingia kinywani kabla ya kutengenezewa jino

Tuseme umeanguka kwenye boda, jino la mbele likakatika nusu. Ama umelelewa pande za Nakuru au Naivasha ambako maji ya visima yana floraidi nyingi, meno yako ni ya kahawia tangu utotoni na sasa umejikusanyia pesa uyavike kofia. Ama ni brasi tu unataka. Umefika kwa daktari wa meno, umelala kwenye kile kiti, taa inakumulika usoni. Kabla ya lolote kutengenezwa, daktari anahitaji kitu kimoja kutoka kwako: umbo kamili la meno yako.

Hapo kuna njia mbili, na ni vyema uzijue kabla hujatoa pesa mfukoni.

Ya kwanza wengi wetu tumeionja, tena kwa ulimi. Unga unachanganywa na maji kwenye bakuli la mpira, unakorogwa haraka haraka kama uji unaohofiwa kufanya madonge, unajazwa kwenye trei na kusukumwa kinywani. Unga huo ni alginati, na asili yake ni mwani wa kahawia wa baharini. Unaambiwa utulie. Ni dakika mbili tatu tu, lakini trei ya taya la juu ikigusa nyuma ya kaakaa, dakika hizo huwa ndefu kuliko foleni ya Thika Road jioni. Mimi nilitokwa na machozi na mate kwa pamoja mbele ya msaidizi wa daktari ambaye ni wa rika langu. Aibu iliyoje! Siri niliyopewa baadaye ni hii: keti wima, inamisha kichwa mbele badala ya kukilaza nyuma, pumua kwa pua, na useme mapema kama wewe ni wa kutapika upesi.

Lakini kichefuchefu hupita. Kazi huanza donge likishatoka kinywani. Alginati ni maji kwa sehemu kubwa. Ikiachwa mezani inakauka na kunywea, ikiloweshwa majini inavimba. Ndiyo maana hufunikwa kwa karatasi yenye unyevu na kumwagiwa jasi upesi ili ipatikane sanamu ya meno. Sasa fikiria kliniki iko Kitale na fundi wa meno yuko Nairobi. Sanamu inafungwa kwenye boksi, inapanda matatu pamoja na vifurushi vingine, na jasi haipendi kugongwa. Kwa kofia za meno, madaktari wengi hutumia silikoni badala ya alginati. Hiyo ni ghali zaidi ila hukaa siku kadhaa bila kubadilika umbo.

Kwa nini ujali haya yote? Kwa sababu kofia isiyokaa sawasawa haikuumi siku hiyo. Unatoka ukitabasamu, unapiga picha, unaposti. Kumbe kuna kijipengo ukingoni ambacho jicho haliwezi kukiona. Chakula na vijidudu vinaingia, jino linaoza chini kwa chini huku juu likimeta, na unapohisi uchungu huenda mzizi umeshaguswa.

Njia ya pili ni skana. Ni kifaa kama mswaki mnene wa umeme, chenye kamera na mwanga kwenye ncha. Daktari hukipitisha polepole juu ya meno, kinapiga picha nyingi mfululizo, na kompyuta inaziunganisha hadi kinywa chako kinatokea kwenye skrini, unakizungusha kama mhusika wa gemu. Pakirukwa mahali, tundu linaonekana papo hapo na anarudia hapo tu. Donge likiingia kiputo cha hewa, mara nyingi linarudiwa lote. Kisha faili inatumwa kwa intaneti, fundi anachora kofia kwenye kompyuta na mashine inaichonga. Habari ya matatu imeisha.

Na si kitu cha jana. Mfaransa François Duret alikuwa na wazo hili mapema miaka ya 1970, na mnamo 1985 huko Zurich, Uswisi, Werner Mörmann na Marco Brandestini wakaanza kuwatibu wagonjwa kwa mashine yao. Wakati huo meno yalipakwa poda kwanza yasiakisi mwanga.

Lakini usikimbilie kumwona daktari mwenye trei kuwa mshamba. Kamera huona tu pale mwanga unapofika. Damu ikichuruzika, mate yakijaa, au ufizi ukifunika ukingo wa jino lililochongwa, skana inakisia. Tena kila picha inapounganishwa na nyingine, kosa dogo sana linaweza kuingia, na makosa hayo hujumlishana kadiri unavyozunguka taya. Kwa jino moja au mawili, skana inafanya kazi safi. Kwa taya zima, silikoni bado ni mpinzani wa kuogopwa. Na babu asiye na jino hata moja? Ufizi laini unasogea, hauna alama za kushika, na madaktari wengi bado humtolea trei.

Halafu kuna pesa. Mashine hii inaweza kupita shilingi milioni moja, na kliniki itazirudisha kutoka kwa nani kama si wewe? Kwa hivyo bango la “tuna skana” lisikulevye. Jino likichongwa vibaya, kamera itanakili ubaya huo kwa uaminifu kabisa. Mimi ningeuliza kwanza kama daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, jambo unaloweza kuhakikisha kwenye tovuti yao ukiwa bado kitandani. Kisha ningeuliza kazi inatumwa kwa fundi gani, na kama kofia isipokaa vizuri nitarudiwa bure au nitalipa upya.

(Wewe unayesomea teknolojia ya meno, usitupe ujuzi wa jasi, lakini jifunze kuchora kwa kompyuta. Faili kutoka Lodwar inaweza kukufikia ukiwa Mombasa.)

Swali la mwisho wengi hulisahau: faili ya kinywa changu inabaki wapi? Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za afya yako ni nyeti na una haki ya kuzifikia. Omba nakala. Siku jino hilo la mbele likikatika tena, umbo lake la zamani lipo tayari. Sanamu ya jasi ya miaka mitano iliyopita, kliniki nyingi zilishaitupa kabati lilipojaa. Beba flashi yenye nafasi.