Tarehe ya Kilwa na Nafasi ya Mwanaisimu katika Utafiti wa Historia

1. Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, Idara ya Historia na Idara ya Lugha aghalabu zimekuwa kama majirani wanaosalimiana bila kutembeleana. Mwanahistoria akikutana na hati ya Kiswahili, humwendea mwenzake wa lugha ili amfasirie. Akiisha kufasiriwa, hurejea kwake kuamua peke yake kama yaliyosemwa humo ni kweli au si kweli. Mwanaisimu naye huridhika kwamba ametimiza wajibu wake, kwani ukweli wa mambo ya kale si shughuli yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa kazi una kasoro. Mfano utakaotumiwa ni Tarehe ya Kilwa, ambayo ni miongoni mwa maandishi ya pwani yaliyojadiliwa sana. (Neno “tarehe” linatumiwa hapa kwa maana yake ya zamani, yaani habari za kale za mji au za ukoo, wala si siku ya mwezi.) Hoja yenyewe ni kwamba haiwezekani kuamua tarehe inasema kweli gani kabla ya kujua ni utungo wa aina gani, na kwamba lugha iliyomo ndani yake si chombo cha kubebea ushahidi tu, bali ni shahidi kwa haki yake yenyewe.

Suala hili halikuishia maktabani. Kisa cha Washirazi waliofika Kilwa kilitumiwa na waandishi wengi wa enzi ya ukoloni kuthibitisha dai kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni, na kwamba Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Katika enzi hiyo hiyo, sheria ziliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo ukagusa kodi na hadhi ya mtu mbele ya serikali. Kule Unguja na Pemba jina la Mshirazi liliingia hata katika siasa, kama inavyoonekana katika jina la chama cha Afro-Shirazi kilichoanzishwa mwaka 1957. Kwa hiyo, anayeisoma tarehe vibaya hakosei mambo ya kale peke yake.

2. Matini na tofauti zake

Tarehe ya Kilwa haikutufikia kwa matini moja. Matini ya kwanza kuchapishwa ilikuwa ya Kireno: muhtasari uliotiwa na João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, miaka 47 baada ya Wareno kuuteka mji wa Kilwa mwaka 1505. Ya pili ni ya Kiarabu, ambayo nakala yake ilifika London katika karne ya 19 na kuchapishwa na S. A. Strong mwaka 1895. Ya tatu ni ya Kiswahili, iliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907 katika mkusanyiko wake wa nathari na mashairi ya Waswahili.

Matini hizi zinaafikiana kwamba mwanzilishi wa ufalme alitoka Shirazi, lakini hazisimulii jambo moja. Katika Barros, Ali ni mmoja wa wana saba wa mfalme, aliyedharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, naye akaondoka kutafuta makao mapya. Katika matini ya Kiarabu, anayesafiri ni mfalme mwenyewe pamoja na wanawe sita kwa majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake. Mombasa, Pemba, Kilwa na Nzwani zimo katika orodha hiyo. Katika matini ya Kiswahili anatokea Mrimba, mkubwa wa kisiwa, na mgeni anamwoa binti yake.

Kisa kimoja kinarudi katika mapokeo ya Kiarabu na ya Kiswahili: mgeni alikinunua kisiwa kwa nguo. Mwenyeji akahamia bara, akiwa na nia ya kurudi na kuwaua wageni maji yatakapokupwa. Matini ya Kiarabu yanasema wageni waliuchimba mlango wa bahari hata usiweze kuvukwa kwa miguu. Matini ya Kiswahili yanasema walisoma Kurani na kutoa sadaka, maji yasikupwe tena. Mtafiti anayetafuta “tukio lenyewe” lazima ajiulize ni lipi kati ya haya, au kama swali lenyewe limeulizwa sawasawa.

3. Miaka ya kutafuta ukweli

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilipoanza kukua katika miaka ya 1960, wanahistoria walikuwa wakijenga upya mbinu zao. Kitabu cha Jan Vansina kuhusu mapokeo ya simulizi kilitoka mwaka 1961, na cha Bethwell Ogot kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini kikatoka mwaka 1967. Masimulizi yaliyokuwa yakipuuzwa yakapewa heshima ya kuwa ushahidi, kwa sharti kwamba yapimwe.

Kuhusu Kilwa, G. S. P. Freeman-Grenville alichapisha mwaka 1962 utafiti uliozichukua tarehe za pwani kwa uzito na kujaribu kupanga nyakati za watawala. Kwa kuhesabu miaka ya kila mtawala kurudi nyuma, wataalamu waliuweka mwanzo wa ufalme wa Kishirazi katika karne ya 10. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbuzi wa magofu ya Kilwa na kuchapisha matokeo yake kwa ukamilifu mwaka 1974, hakukubali. Alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1965 kwamba wahamiaji hao yaelekea walitoka pwani ya Banadiri, si Uajemi moja kwa moja. Kwa kutumia sarafu za Ali bin al-Hasan alizozipata ardhini, aliusogeza mwanzo wa ufalme hadi mwishoni mwa karne ya 12. Ikaonekana kwamba sururu imeishinda kalamu.

Lakini mwaka 1984 iligunduliwa hazina ya fedha huko Mtambwe Mkuu, Pemba, yenye sarafu zaidi ya 2,000. Zilikuwamo sarafu za Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za dhahabu kutoka nchi za nje, ambazo ya mwisho miongoni mwake ni ya mwaka 1066. Kwa hiyo mtawala huyo hakuweza kuwa wa mwishoni mwa karne ya 12. Alirudishwa nyuma hadi karne ya 11, karibu zaidi na hesabu ya tarehe kuliko ilivyodhaniwa.

Ziko pia sehemu za tarehe ambazo hazikupata kutikiswa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumtaja mtawala wake, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye tarehe inamtaja vilevile katika nasaba ya Mahdali. Maandishi yenye jina lake yalipatikana katika magofu ya Husuni Kubwa. Hivyo tarehe ni shahidi mzuri wa karne ya 14, na shahidi mwenye kuhitaji kuhojiwa kuhusu karne za kabla yake.

4. Ushahidi wa lugha

Katika mabishano hayo yote, swali la lugha liliachwa pembeni kwa muda mrefu. Hata hivyo matini ya Kiarabu yenyewe yana maneno ambayo si ya Kiarabu. Mtawala wa kwanza anatajwa kwa lakabu inayosomwa Nguo Nyingi, na mwanawe mmoja kwa lakabu ya Mkoma Watu. Huyu anayesemekana kuwa Mshirazi analo jina lenye nomino ya Kibantu na kivumishi kilichopatana nayo kwa kiambishi cha ngeli yake. La mwanawe limeundwa kwa kiambishi cha mtenda m-, mzizi wa kitenzi na nomino ya ngeli ya wa-.

Ni lazima kusema kwa uangalifu ushahidi huu unathibitisha nini. Matini ni ya karne ya 16, na lakabu zinaweza kuwa zilibuniwa karne nyingi baada ya wenye kuitwa hivyo. Hazithibitishi kwamba mtawala wa kwanza alizungumza Kiswahili. Zinathibitisha kwamba waliomkumbuka walimkumbuka kwa Kiswahili, hata pale mwandishi alipochagua kuandika kwa Kiarabu. Tena usomaji wenyewe ni kazi ya isimu: hati ya Kiarabu haina herufi ya pekee kwa sauti ny, na mara nyingi irabu haziandikwi. Asiyejua sarufi ya ngeli hana njia ya kuchagua kati ya usomaji mmoja na mwingine.

Nje ya matini, uchunguzi wa Derek Nurse na Thomas Spear (1985), na baadaye wa Nurse na Thomas Hinnebusch (1993), uliweka wazi mahali pa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Maneno kama nahodha na bandari yana asili ya Kiajemi, lakini ni maneno ya bahari na biashara, nayo yalitiiwa katika sarufi ya Kibantu: tunasema manahodha. Maneno ya mwili na ya udugu wa karibu kwa sehemu kubwa hayakuazimwa. Lugha iliyokuwapo iliwapokea wageni, haikuletwa nao.

Akiolojia iliafiki jambo hilo. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha mji uliokua hatua kwa hatua tangu karne ya 8, kutoka majengo ya miti na udongo hadi ya mawe. Kilwa nayo ilikaliwa kabla ya wakati wowote unaodaiwa kuwa wa Washirazi. Wala jambo hilo halipingani na tarehe: matini zote mbili za pwani zinasema kwamba mgeni alimkuta mwenye kisiwa. Waliosoma humo habari za nchi tupu iliyongojea wajenzi hawakuisoma tarehe. Waliisoma dhana yao.

5. Utungo na maana yake

Nguo iliyonunua kisiwa ingali inahitaji maelezo. Kisa cha kupata ardhi kwa hila ya kuizungushia kitu kimesimuliwa pia kuhusu Dido na mji wa Karthago, ambako kitu chenyewe kilikuwa ngozi ya ng’ombe. Mfanano huo unatosha kumzuia mtafiti asiende kutafuta risiti ya mauzo, lakini hautoshi kukifanya kisa kuwa upuuzi. Katika tarehe ya Kilwa, nguo inaeleza uhusiano: mgeni ana bidhaa ya ng’ambo, mwenyeji ana ardhi, na mamlaka yanazaliwa katika mabadilishano yao. Ndoa na binti wa Mrimba inaongeza haki ya pili, kwani mtoto atakayezaliwa atarithi pande zote mbili. Maji yasiyokupwa yanakiri kwamba mapatano hayo hayakuwa bila uadui. Huo ni uchambuzi wa fasihi, na bila huo mwanahistoria hana namna ya kujua ni sehemu gani ya matini inayotoa habari na ni ipi inayotetea haki ya kutawala.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo, pamoja na mji mmoja wa bara. Ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na nasaba ya Afrika iliyotoka hasa kwa wanawake, na nasaba ya Asia, kwa sehemu kubwa ya Kiajemi, iliyotoka hasa kwa wanaume. Na kwamba mchanganyiko huo ulikuwa umeanza kufikia takriban mwaka 1000. Wako waliosema kwamba sasa tarehe imethibitishwa. Kauli hiyo inahitaji kupunguzwa. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya watu wa daraja ya juu, nao si mji mzima. Na DNA haisemi mtu alizungumza lugha gani. Ni isimu inayoonyesha kwamba watoto wa ndoa hizo walikulia katika lugha ya mama zao. Damu ikisomwa bila lugha, dai la zamani la miji ya wageni litarudi likiwa limevaa kanzu mpya.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba Tarehe ya Kilwa iliaminiwa, ikakataliwa, kisha ikarudishiwa sehemu ya heshima yake, na kila mara hukumu ilitolewa na taaluma moja iliyodhani kwamba imemaliza kazi. Yapo mambo matatu yanayofuata kwa idara za lugha. Kwanza, matini tatu za Kilwa zinastahili kuchapishwa bega kwa bega kwa Kiswahili, pamoja na sherehe ya maneno, ili msomaji asitegemee tafsiri za Kiingereza peke yake. Pili, usomaji wa Kiswahili cha hati ya Kiarabu unapaswa kufundishwa kwa wanafunzi wa lugha na wa historia katika darasa moja. Tatu, hati ambazo zingali katika majumba ya watu zinakiliwe kabla ya kuliwa na mchwa, na zikiliwe na watu wanaofahamu lahaja za mahali zilikoandikwa. Orodha ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970, ya hati zilizokuwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, ilionyesha jinsi kazi ya aina hiyo inavyowezekana.

Mwanahistoria atabaki na haki yake ya kuuliza lililotukia. Lakini tarehe ilitungwa na watu waliokuwa na lugha, na haja, na hadhira. Na kila mmoja kati ya hao watatu anamhitaji mwanaisimu tangu siku ya kwanza ya utafiti, kabla ya kuitwa kufasiri.