Daftari Lisilo na Macho

Njooni hapa uani, wapwa wangu. Kaeni mkekani, mahindi bado yako motoni.

Jana mmoja wenu aliniuliza: "Mjomba, kwa nini bibi muuza maharage amenyimwa mkopo, na deni lake la zamani alishalimaliza?" Nimelala nalo swali hilo. Ni swali la mtoto mwenye akili. Hapa Mabawe wako watu wazima ambao hawajawahi kuliuliza.

Sikilizeni basi. Lipo Daftari moja kubwa. Halina karatasi, linakaa ndani ya kompyuta. Mwenye nalo ni Benki Kuu ya Tanzania, na kanuni zake zilitungwa mwaka 2012. Ukikopa benki, jina lako linaingia humo. Umekopa kiasi gani. Umelipa kiasi gani. Umechelewa au hukuchelewa.

"Nani anayeyapeleka majina huko, Mjomba?"

Wakopeshaji wenyewe. Mnaujua mto Ruvubu? Ukifika Rusumo unakutana na Kagera, maji yanakuwa mamoja, yanashuka hadi Ziwa Victoria. Na habari za mikopo ndivyo zinavyotiririka. Kila benki inamimina zake. Kule chini ziko kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet. Hizo huchota habari na kumpa mkopeshaji ripoti yako. Sasa mtu akimwaga majivu huku juu, wa chini atayakuta kwenye ndoo yake. Aliyeyamwaga hatamjua.

Siku moja karani alikosea. Bibi alikwishaleta shilingi ya mwisho, shilingi ya maharage yake, karani akasahau kuiandika. Daftari likasema: "Mimi sina macho. Nasema nilichoambiwa. Nimeambiwa bibi anadaiwa."

Bibi akaenda kukopa hela ya mbegu. Akaambiwa: "Bibi, unadaiwa." Akaenda kwingine. "Bibi, unadaiwa." Maskini, msimu wa kupanda ukampita akiwa njiani.

"Kumbe Daftari ni baya!"

Hapana, mwanangu. Likiambiwa kweli, linasema kweli. Mama aliyelipa vizuri linamtetea hata kwa watu wasiomjua, naye hana haja ya kukimbilia kausha damu, ile mikopo inayomwacha mtu bila hata godoro.

"Sasa bibi afanye nini?"

Hapo ndipo nilipotaka mfike! Kwanza, aombe ripoti yake aisome. Ni haki yake. Habari ni za kwake, jina ni la kwake. Kisha aende kwa yule yule aliyemkopesha, stakabadhi mkononi. Kwa nini huko? Kwa sababu majivu yalimwagwa huko. Aandike barua, abaki na nakala. Kampuni iliyotoa ripoti nayo aipe malalamiko yake. Wasipomsikiliza, Benki Kuu ina dawati la malalamiko. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa kila mtu haki ya kutaka habari zake zilizokosewa zirekebishwe. Haombi fadhila.

"Na akitokea mtu akasema, nipe hela nikufutie jina?"

Amkimbie! Deni la kweli hufutwa kwa kulipwa. Kosa hurekebishwa kwa ushahidi. Anayetaka hela ili afute jina ni tapeli.

Bibi yetu alikuwa na stakabadhi zake zote, amezifunga kwenye kitenge chini ya kitanda. Akazipeleka kwa aliyemkopesha, kosa likarekebishwa. Daftari likaletewa habari mpya. Likasema: "Mimi sina macho. Nasema nilichoambiwa. Sasa nimeambiwa bibi amelipa."

Haya, mahindi yameiva. Mkimaliza kula, kila mmoja aende kwa bibi yake. Mwombeni stakabadhi zake, mumsomee polepole: jina, tarehe, kiasi. Yeye macho yake yamechoka. Yenu bado mazima.