Jemadari wa Gangama

Wanangu, mkifika Mbale, mashariki mwa Uganda, msikimbilie Mlima Elgon kabla hamjapita Gangama. Huko nje ya mji ndiko Semei Kakungulu alikojenga nyumba yake ya uzeeni, na huko ndiko alikozikwa.

Huyu alikuwa jemadari wa Buganda. Mwaka 1899 alikuwamo katika kikosi kilichowakamata wafalme wawili kwa mpigo, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Kisha akaelekea mashariki na jeshi lake, akawashindia Waingereza nchi kwa nchi. Kwa wenyeji huo ulikuwa uvamizi, na lazima mlijue hilo pia. Yeye alitumaini kutawazwa mfalme wa Bukedi, yaani nchi hizo za mashariki. Waingereza wakalitwaa boma lake la Budaka. Akahamia Mbale, akaanzisha mji, Waingereza wakauchukua huo pia. Mwaka 1906 wakampeleka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga: cheo kikubwa, lakini ufalme hakupata. Mwaka 1913 akarudi Mbale.

Sasa ndipo kisa kinaponoga. Mzee akaishika Biblia, akaisoma mwenyewe, aya kwa aya. Mungu alimwagiza Ibrahimu tohara. Mbona wamisionari hawaifuati? Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, naye umri umeshafika kama miaka 50! Husimuliwa kwamba alipoambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kuwa basi yeye ni Myahudi.

Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Hawakuwa na mwalimu, hivyo waliendelea kubatiza watoto wao kama Wakristo. Mwaka 1920 akaja Myahudi aitwaye Yosef, akakaa nao karibu miezi 6. Akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja, ubatizo wakauacha. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda, kurasa 90.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Idi Amin alipoipiga marufuku dini ya Kiyahudi miaka ya 1970, wengi waliiacha, wachache wakasali kwa siri hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Leo sinagogi lao kubwa liko kilimani Nabugoye, na sekondari yao inaitwa kwa jina la Kakungulu. Watoto wa Kiislamu na wa Kikristo husoma humo pamoja na wa Abayudaya.