Foleni ya kivuko imekwisha, kuku bado wanataka kula!

Wale mliozoea kukuta hapa mambo ya nani kamwacha nani na nani kaonekana wapi usiku, leo mnivumilie kidogo. Leo tunaongelea mshiko. Tena si ule mshiko wa kusimuliwa kijiweni. Huu una manyoya, una miguu miwili, na usipouangalia unaweza kukufia wote kwa siku chache huku wewe umeshika kichwa.

Naongelea kuku.

Mimi nafuga kuku Kigongo. Kwa nyie watoto wa mjini mnaodhani nchi inaishia Kibaha, Kigongo iko wilaya ya Misungwi. Ukitoka Mwanza mjini unafika Usagara, unaiacha barabara ya Shinyanga, unashika ya Geita mpaka inapokutana na maji ya Ziwa Victoria. Ng'ambo unaiona Busisi, upande wa Sengerema. Miaka nenda rudi pale katikati palikuwa na kivuko. Penye kivuko pana foleni, na foleni, bwana wee, ina njaa!

Hiyo njaa ndiyo iliyotulisha wengi. Basi limesimama, lori limesimama, abiria wanashuka kunyoosha miguu. Hapo ndipo kijana anapotokea na ndoo yake ya mayai ya kuchemsha, chumvi na pilipili pembeni. Alikuwapo mmoja aliyekuwa akija kwangu karibu kila asubuhi: "Dada, nipe trei mbili, mali kauli." Jioni analeta pesa, kesho tunaanza upya. Yeye anakula, mimi nakula, kuku wanakula.

WATEJA WAPITA JUU!

Tarehe 19/6/2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua daraja la J.P. Magufuli, urefu wake kilometa 3. Jamani, daraja ni zuri, tusiwe wachoyo wa sifa. Mgonjwa wa Sengerema anayekimbizwa Bugando halali tena ukingoni akisubiri kivuko. Mwanafunzi, mfanyabiashara, bibi harusi na msafara wake, wote wanakatiza kwa dakika chache tu.

Lakini foleni nayo ikaenda zake. Wateja wetu sasa wanapita juu, vioo vimefungwa, muziki unalia, hawana habari na yai la mtu.

Yule kijana wangu alikuja siku moja na ndoo yake imejaa vilevile alivyoondoka nayo. Akaniuliza, "Sasa dada, tunafanyaje?" Lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa tangu nianze kufuga, kwa sababu kuku hajui kuna daraja. Uuze, usiuze, asubuhi anataka kula.

Ndiyo maana nakwambia, wewe unayetaka kuingia kwenye dili hili kwa kusikia tu kwamba kuku wanalipa, kaa hapa kwanza tupige hesabu.

HESABU YA KILO 12

Kuku mmoja wa mayai, wale wa kisasa, anakula karibu gramu 120 kwa siku. Ukiwa nao 100, hiyo ni kilo 12 kila siku ya Mungu, kilo 360 kwa mwezi. Na kabla hajaanza kutaga, anapofikisha kama wiki 18 hadi 20, atakuwa amekula miezi minne na zaidi bila kukupa hata yai la kuonja. Pesa inatoka tu.

Haya, wameanza. Wakitaga vizuri, kuku 100 wanakupa mayai 80 au zaidi kwa siku. Mayai 80 ni trei mbili na mayai 20. Sasa tuseme wameshtuka, maji yamechelewa, au chakula ni kibovu, wametaga 50. Hiyo ni trei moja na mayai 20. Umeona? Trei nzima imeyeyuka kwa siku moja, na kilo 12 wamekula zilezile!

Kwa hiyo anayejisifu ana kuku 500 usimwonee wivu haraka. Muulize wametaga mangapi jana. Akikuna kichwa, ujue huyo anafuga hasara. Wahenga wa sokoni walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu lina mistari minne tu: mayai ya leo, kilo za leo, waliokufa, na pesa iliyoingia. Bei za pumba na mayai zinapanda na kushuka, lakini ukigawa gharama ya chakula cha siku kwa trei za siku, unajua mapema kama bei unayopewa ni biashara au ni sadaka.

Kuku wa kienyeji ana hesabu yake. Anataga mayai 10 hadi 15, anatamia siku 21, halafu analea. Kwa mwaka mara nyingi hazidishi mayai 40 au 50. Kwa mayai hakutajirishi huyo. Utamu wake uko kwenye nyama na vifaranga, maana mjini watu wanamlilia. Huku Kanda ya Ziwa tuna kuchi, yule mrefu mwenye shingo ya kiburi na tabia ya ugomvi. Jogoo wake akiingia sokoni watu wanageuka.

Ukitaka mbegu nzuri, weka jogoo mmoja kwa majike kama 10, na umbadilishe asije akawapanda mabinti zake. Wenye haraka wanachukua chotara kama Sasso au Kuroiler, ambao wanakua upesi. Ila usidanganyike kutotolesha mayai yao ukitegemea vifaranga watafanana na mama. Chotara watoto wake hutoka kila mmoja na lake.

DAGAA WENYE MCHANGA

Sisi wa ziwani tuna bahati moja: dagaa wako mlangoni. Protini ya kuku wetu inatoka kwao, tunachanganya na pumba za mahindi na mashudu. Lakini kuna mitego.

Kwanza, dagaa wengi wanaanikwa mchangani, na mchanga unapimwa kwenye mizani kama chakula. Chukua konzi moja, tumbukiza kwenye beseni la maji, koroga. Kinachotuama chini ndicho ulichouziwa! Kuku hatagi kwa mchanga. Pili, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika na bei inapaa. Mjanja ananunua wakati wa giza na kuhifadhi pakavu. Tatu, ukizidisha dagaa, yai linanukia samaki, na mteja harudi.

Mashudu nayo yana mambo yake. Ya pamba yapo tele huku Usukumani, lakini ukiyamwaga kwa wingi kiini cha yai kinabadilika rangi, kinaweza kwenda ukijani. Mimi natumia zaidi ya alizeti. Na usisahau makombe ya ziwani yaliyosagwa au mifupa iliyosagwa, la sivyo yai linatoka na ganda laini kama karatasi.

TONE MOJA JICHONI

Sasa tuje kwenye kasheshe lenyewe. Kideri, wengine wanauita mdondo. Kuku anaharisha kijani, anapinda shingo, anahema kwa shida, kesho yake hayupo. Dawa ya kuutibu hakuna. Nasema tena, hakuna! Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa, unaweza kufagia karibu wote.

Kinga yake ni chanjo. Ipo ile ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, na hapa kwetu inazalishwa Kibaha, chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari. Uzuri wake inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, ingawa si ya kuachwa juani. Unaweka tone moja kwenye jicho moja la kuku, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Tone moja tu!

Tatizo ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi, na ukishaifungua usiiweke kabatini kusubiri mwezi ujao. Mwenye kuku wanane anaona hasara, anaacha. Sisi mtaani tukaamua kuchangishana. Jioni moja, kuku wakishaingia kulala, tunapita nyumba kwa nyumba na tochi. Mzee mmoja jirani alitugomea: "Wangu wa kienyeji hawaugui, mwanangu." Nikamwamkia vizuri, nikakaa. Nikamuuliza madaftari ya wajukuu yananunuliwa na nini. Akacheka, maana anajua mwenyewe: kila Januari anauza majogoo mawili. Akaenda kufungua banda.

Ujue jirani asiyechanja anakuhusu wewe pia. Kuku hawajui mpaka wa uwanja.

Kwa kuku wa kisasa ratiba ni ndefu zaidi: kideri karibu siku ya 7, gumboro siku ya 14, halafu unarudia zote mbili wiki ya tatu na ya nne, na ndui kati ya wiki ya sita na ya nane. Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako, yupo kwa kazi hiyo. Na ukiwapa dawa kuku wagonjwa, soma siku zilizoandikwa za kusubiri kabla ya kuuza yai au nyama. Anayekula ni mtoto wa mwenzio.

KUKU MGENI

Daraja limeleta jingine. Matenga ya kuku kutoka Sengerema na Geita yanavuka upesi kuliko zamani, na ugonjwa nao unapanda gari hilohilo. Ukisikia kuku wanauzwa bei ya kutupa, jiulize kwanza mwenye nao anakimbia nini. Watu wakiona kideri kimegonga hodi, wanawahi sokoni. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwangu mimi kamba hiyo ni wiki mbili za kukaa peke yake, mbali na wenyeji, na maji yake mwenyewe.

SOKO LIMEHAMA

Yule kijana wa ndoo je? Hakukaa kulia. Alikwenda Usagara kwenye magari yanayosimama, akakuta wenzake wameshajaa. Akaanza kupeleka trei kwa wakaanga chipsi, kuanzia Buhongwa mpaka Nyegezi na Malimbe, kule wanafunzi wa SAUT wanakokula zege usiku kucha. Sasa haulizi magari mangapi yamesimama, anauliza mkaanga chipsi huyu anatumia trei ngapi kwa wiki. Mali kauli imebaki kwa wachache tu, wengine wanatuma pesa kwa simu kabla trei haijapanda bodaboda.

Na mimi nikapunguza. Ndiyo, nilipunguza! Waliochoka kutaga niliwauza nyama, nikabaki na idadi ambayo mayai yake yana mwenyewe kabla hayajatoka. Nikaongeza majike ya kienyeji, maana Geita kule penye wachimba dhahabu walaji hawakosekani, na sasa ni mwendo wa gari tu bila kusubiri kivuko. Daraja lililochukua wateja wa mayai ya kuchemsha ndilo lililoniletea mnunuzi wa majogoo.

Kwa hiyo wewe uliyechacha mjini na una kauwanja nyuma ya nyumba, usianze na 500. Anza na 20 au 30. Kabla hujanunua kifaranga, uwe na majibu matatu: nani atanunua, chakula kinatoka wapi, na chanjo ni tarehe ngapi. Mita moja ya mraba inatosha kuku wanne au watano, usiwabane kama abiria wa daladala. Chini mwaga maranda au maganda ya mpunga, yakae makavu. Vifaranga wakijikusanya chini ya taa wana baridi, wakiikimbia huku wanahema wana joto, wakitawanyika na kudonoa ujue mambo bomba. Na jiko la mkaa lisiwe ndani ya chumba kisicho na pa kupitisha hewa. Linaua vifaranga, na linaweza kukuua na wewe.

Basi kwa leo naishia hapo, jua linazama na sijahesabu mayai. Wiki ijayo tunarudi kwenye yale yetu ya mapenzi, maana nasikia kuna sista mmoja wa Capri Point kaahidiwa ndoa na watu wawili. Biashara njema!