Jina "Nduta" katika Sentensi ya Kiingereza

Nduta ni jina la kambi ya wakimbizi wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 ili kuwapokea Warundi. Kwa Wakikuyu wa Kenya, Nduta ni jina la mwanamke. Tuchukue mfano wa kutunga: "Nduta received 200 blankets." Sentensi hii pekee haibainishi iwapo mpokeaji ni mtu au kambi, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza hakibebi alama ya ngeli. Ili kuondoa utata, mwandishi hulazimika kuongeza neno "camp" baada ya jina, au kutanguliza kihusishi: "in Nduta."

Katika Kiswahili, kazi hiyo hufanywa na upatanisho wa kisarufi. "Nduta amepokea" huonyesha mtu (ngeli ya 1). "Nduta imepokea" huonyesha kambi (ngeli ya 9). "Nduta kuna baridi" huonyesha mahali (ngeli ya 17). Kwa hiyo, mfasiri hana budi kuthibitisha kirejelewa kabla ya kuandika kiambishi. Akikosea silabi moja tu, mgawo wa kambi nzima utasomeka kuwa mali ya mwanamke mmoja.