Kitunguu saumu kwenye udongo wa kuazima

Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka Lubunga, ukingo wa kushoto wa Kisangani. Familia nyingi zilikimbia na kuacha mashamba. Anayelima leo kwenye udongo wa mwenyeji wake, hapa Yanonge au kwingine, anahitaji zao linalokaa mahali padogo na lisilozaa ugomvi mpya.

Kitunguu saumu kinafaa, lakini tuseme ukweli. Kile cha sokoni hutoka milima ya baridi, kama ile ya Kivu. Hapa kwetu ni joto na mvua nyingi, kwa hiyo vichwa vinabaki vidogo. Faida iko kwenye majani: yanakatwa mara kadhaa na kutia ladha katika sombe na samaki.

Kwanza, mboji. Chagua kivuli, mbali na kisima. Panga tabaka: majani makavu, kisha majani mabichi na maganda ya muhogo na ndizi, kisha samadi ya mbuzi au kuku, na majivu kidogo. Rudia mpaka lundo lifike mita 1. Nyunyiza maji, funika kwa majani ya migomba. Geuza kila baada ya wiki 2 au 3. Baada ya miezi 3 hivi, ikiwa nyeusi na inanukia udongo wa msituni, iko tayari.

Pili, kupanda. Mwisho wa Novemba, mvua ikianza kupungua, inua tuta la sentimita 25 ili maji yasisimame. Changanya mboji. Panda punje moja moja, ncha juu, kina cha sentimita 3, nafasi ya sentimita 10. Anza kukata majani baada ya wiki 6 hivi, ukiacha machanga ya katikati.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mboji inanenepesha udongo wa mwenyewe. Udongo ukishakuwa mzuri, mwenyewe anaweza kuutaka, na mgeni ataona ameonewa. Basi kabla ya jembe, kaeni pamoja mbele ya mkuu wa kijiji. Kubalianeni mipaka, misimu mingapi, na fungu la mwenyeji. Andikeni, wekeni mashahidi wa pande zote mbili, wanawake wakiwemo.

Viongozi, msingoje mashtaka. Pitieni bustani hizo mapema. Na lundo la mboji liwe la jirani wote wawili: takataka za nyumba mbili, tuta la kila mmoja.