Mathenge na Ukame Uliomkaribisha

Mwaka 2006, mbuzi kibogoyo alifikishwa Mahakama Kuu jijini Nairobi awe kielelezo. Wakazi wa Baringo walikuwa wameishtaki serikali kwa sababu ya mti: mathenge. Maganda yake ni matamu. Mbuzi akiyala mno, sukari hunasa kwenye meno, yakaoza na kung'oka. Mnyama hubaki na njaa ilhali chakula kiko mbele yake.

Mathenge, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema. Ardhi ilikuwa imekauka, kuni zimeadimika, na ulihitajika mti usioogopa jua. Ukapatikana, ukapandwa, kisha ukajipanda wenyewe.

Hujipandaje? Mbegu zake zina ganda gumu, hivyo nyingi hupita tumboni mwa mbuzi bila kusagika na kutoka zikiwa ndani ya samadi, tayari zimetiwa mbolea. Zikiota, mizizi huzama mbali kufuata maji ambayo nyasi haziyafikii. Matawi ya miiba hufungamana, kivuli huziba jua, na nyasi zilizo chini hufa. Wadudu, ndege na wanyama waliotegemea uwanda wa nyasi hukosa makao.

Mabadiliko ya tabianchi yanauongezea mti huu nguvu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, Pembe ya Afrika ilikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Nyasi zikiisha, mifugo hugeukia maganda ya mathenge, kisha hutembezwa mbali kutafuta malisho, ikidondosha mbegu njia nzima. Mvua nayo ikija kwa kishindo, mafuriko huyazoa maganda na kuyatua mabondeni. Kiangazi na gharika, vyote viwili, vinamfanyia kazi mgeni huyo.

Kuukata shina pekee hakutoshi, maana huchipua upya. Sharti ukatwe chini ya usawa wa ardhi. Mti wenyewe hutoa makaa mazuri, na maganda yakisagwa hadi mbegu zivunjike huwa chakula cha mifugo kisichoeneza miche. Lakini hatua muhimu zaidi ni ile inayosahaulika mara nyingi: kurudisha nyasi. Mfugaji atakayefyeka mathenge bila kupanda nyasi mvua ya kwanza, ajiandae kufyeka tena.